Vibranium bila mchimbaji: kucheza Black Panther tukiwa Goma

Bandugu, nimehesabu. Ndani ya boksi la Marvel Champions, ule mchezo wa karata uliotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2019, Black Panther anakuja na karata 15 zilizo zake peke yake, zile ambazo shujaa mwingine haruhusiwi kuzitumia. Tano ni za kilio cha vita, Wakanda Forever. Tatu ni za vibranium. Moja ni makucha, moja visu, moja vazi, moja akili ya mbinu, moja hekima ya mababu, moja Mji wa Dhahabu. Inayobaki ni Shuri, dada yake. Basi. Nchi nzima imejengwa juu ya mlima wa madini, na katika karata zake mtu wa kawaida hayuko hata mmoja. Anayechimba ndiyo kabisa.

Mtu wa Chicago anaweza kuucheza mchezo huu miaka na miaka bila kuona pengo hilo. Siye wa Goma tunaliona haraka, juu kwetu madini iko na sura za watu. Ni kaka wa mwenzako wa promotion aliyeacha masomo akapanda Rubaya. Ni mama anayepika maharagi kando ya mashimo na kuuza kwa sahani. Ni kijana wa moto anayeteremsha mifuko kwenye njia ya matope. Ni mjomba anayefanya kazi kwenye nyumba ya kununua madini, zile tunaita comptoir, na ambaye minerval ya watoto wa familia yote inatoka kwenye mfuko wake. Ukituambia habari ya nchi ya madini, swali la kwanza tutakalouliza ni: nani aliingia shimoni?

Njo maana nataka tuzungumze juu ya mchezo huu kama tunavyozungumza juu ya riwaya ao filamu. Watu wengi wanafikiri mchezo unasema kwa picha: wakiona mfalme mweusi mwenye heshima kwenye karata, wanafurahi, wanasema tumewakilishwa. Lakini picha ni nguo tu. Mchezo unasema kwa sheria zake. Sheria njo zinakuambia kitu gani kina bei, nani analipa, nani anaruhusiwa kupoteza na nani hayuko kabisa mezani. Na sheria za Black Panther, hata pale zilipotengenezwa vizuri sana, zinasema kwamba utajiri wa ardhi unaweza kufika mkononi mwa shujaa bila mkono wa mtu mwingine kuugusa.

Kwa wale wasiofuata mambo haya, kidogo historia. Black Panther alionekana mara ya kwanza mwezi wa 7 mwaka 1966, katika BD ya Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Jina lake ni T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni iliyowekwa Afrika Mashariki kati ya majirani wa kubuni kama Niganda na Azania. Wakanda ina vibranium, chuma kilichoanguka kutoka angani. Katika namba 53, mwezi uliofuata, tunajifunza kwamba baba yake T'Chaka aliuawa na Klaw, mgeni aliyekuja kutafuta chuma hicho. Halafu 2018 ikaja filamu ya Ryan Coogler, na hapa kwetu iliangaliwa kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye flash zilizopita mkono kwa mkono. Baada ya filamu, michezo ya mezani ikaongezeka.

Boksi tunalochezea ni la Kiingereza. Tunakaa wanne, mmoja anasoma karata, mwingine anaitia kwa Kifaransa, halafu tunagombana kwa Kiswahili. Nasema hivyo juu napenda mchezo huu, na sitaki mtu afikiri nimekuja kuubomoa. Kwanza, wachezaji wote wako upande mmoja. Mhalifu hachezwi na mtu, anaendeshwa na rundo lake la karata, na nyinyi mnashinda pamoja ao mnaanguka pamoja. Pili, kila shujaa ana sura mbili: ya shujaa na ya raia. Ukiwa shujaa unapigana lakini unapigwa. Ukirudi kuwa raia unapumua, lakini mpango wa mhalifu unasonga mbele. Kuchagua saa ya kubadilika njo moyo wa mchezo.

Tatu, na hii njo napenda zaidi, hakuna makuta. Ili kucheza karata moja unatupa karata zingine za mkononi. Kila karata ni kazi unayoweza kuifanya, na wakati huo huo ni malipo ya kazi nyingine. Hauwezi kufanya yote. Ukitaka vazi, labda utamtupa Shuri. Mtu aliyekulia katika nyumba ambapo kulipa minerval ya mmoja maana yake ni mwingine kusubiri mwaka, anaelewa sheria hiyo bila kufundishwa. Kwa Black Panther, watengenezaji wameongeza jambo la akili: ukicheza Wakanda Forever, vifaa vyake vyote vilivyo mezani vinafanya kazi kimoja baada ya kingine, kwa mpango unaouchagua wewe, na cha mwisho kinapata nguvu ya ziada. Anaanza pole pole, halafu akiisha kujipanga anakuwa hatari. Ni mfalme anayeshinda kwa matayarisho. Sikumbuki karata nyingine za Mwafrika ndani ya mchezo zilizoandikwa kwa heshima kama hiyo.

Sasa tuangalie zile karata tatu za vibranium. Karata ya vibranium haina kazi nyingine isipokuwa kulipa. Karata nyingi zinalipa kitu kimoja. Hii inalipa viwili, tena vya aina yoyote unayotaka. Unaitupa, unapata kifaa, karata inaenda kwenye rundo la zilizotumika. Rundo lako la kuchota likiisha, unachanganya yote upya, na vibranium inarudi. Inarudi ile ile, tatu, haikupungua. Ni kweli kwamba kuchanganya upya kuna bei: unapewa karata moja ya adui. Lakini bei hiyo ni ya muda uliopita, na shujaa yeyote anailipa, hata yule asiye na madini. Vibranium yenyewe haina bei. Haina shimo linaloanguka, haina mvua, haina njia iliyokatika, haina mtu wa kulipwa jioni.

Mtu atasema: we kaka, huu ni mchezo wa mashujaa, ulitaka waweke nini, mishahara na magonjwa ya kifua? Ndiyo, na tena mchezo huu huu unajua kufanya hivyo. Angalia Spider-Man katika boksi lile lile. Peter Parker ana karata ya shangazi yake May, anayemtunza na kumrudishia afya. Na ana karata ya wajibu, ile inayokuja bila kuitwa na kukusumbua katikati ya vita: ni barua ya kufukuzwa kwenye nyumba. Spider-Man anaruka kati ya maghorofa ya New York na wakati huo huo kodi ya nyumba imemshinda! She-Hulk ana kazi zake za kisheria zinazomngoja ofisini. Captain Marvel ana jambo la haraka la familia. Kwa hiyo watengenezaji wanajua vizuri kwamba shujaa anaishi katikati ya watu wanaofanya kazi na kulipa bili.

Ilipofika zamu ya T'Challa, waliandika nini? Mambo ya serikali. Mfalme anaitwa kwenye mambo ya serikali. Mambo gani, ya nani, hatuambiwi. Mpangaji wa New York amepata karata yake. Mchimbaji wa Wakanda hakupata, wala mgomo wake, wala mjane wake. Hapo siwezi tena kusema ni aina ya mchezo tu. Ni kwamba waliokaa kuandika waliweza kuona maisha ya kawaida ya New York, lakini walipofika Afrika waliona kiti cha enzi, silaha na mababu. Heshima iko, sikatai. Lakini ni ile heshima ya mtu anayekusalimia vizuri na kusahau kuuliza unaishi vipi.

Na filamu ilikuwa imewaachia mlango wazi. Katika filamu ya 2018, Wakanda ina makabila yake, na moja ni kabila la wachimbaji. Linakaa kwenye baraza la mfalme, na mzee wake ni mama, aliyechezwa na Connie Chiume wa Afrika Kusini. Wachimbaji wana sauti mbele ya mfalme! Ukiangalia kutoka hapa, hicho njo kitu cha ajabu kuliko meli zinazoruka. Filamu yenyewe haikukifanyia kazi kubwa. Tulipoingia ndani ya mlima tuliona treni za kasi na wafalme wawili wakipigana. Lakini wazo lilikuwa limewekwa. Karata moja ya mzee wa wachimbaji, inayokupa vibranium kama umemsikiliza na kukunyima kama umempuuza, ingetosha kubadilisha maana ya zile tatu.

Tugeukie upande wa mhalifu. Klaw yuko ndani ya boksi, na ni mhalifu mzuri wa kucheza naye. Mpango wake ni kusambaza silaha kwa siri. Karata zake zinaleta kiwanda cha silaha cha haramu na wasafirishaji wa silaha. Hapa mchezo unakaribia ukweli wetu. Unaelewa kwamba wizi wa madini hauishi kwenye mgodi, kwamba kuna njia, ghala na wateja. Unaelewa pia kwamba kumpiga Klaw peke yake bila kuvunja mipango yake ni kupoteza nguvu. Lakini mwisho wake ni upi? Nguvu za Klaw zikifika sifuri katika hatua ya mwisho, umeshinda. Mtandao wote unakufa na mtu mmoja.

Siye tumeona majina mangapi yakipita? Mwenye bunduki anaondoka, mwingine anakalia kiti kile kile, na kizuizi kinabaki kwenye barabara ile ile. Mwishoni mwa 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani ya Rubaya peke yake iliwapa wenye silaha walioshika eneo hilo dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Kiasi kama hicho hakiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja mbaya. Kuna anayechimba, anayebeba, anayenunua, anayetia alama kwenye mfuko, anayevusha mpaka, anayeyeyusha, na kiwanda cha mbali kinachotengeneza kile kipande kidogo cha tantali ndani ya simu unayosomea maneno haya. Mchezo unaomaliza jambo hili kwa kumpiga Klaw unatufundisha kungojea shujaa. Na kungojea shujaa tumefanya sana, tena tunalipa kila mara.

Ukitoka kwenye karata kwenda kwenye ubao, mambo yanakuwa wazi zaidi. Kampuni ya Hasbro imetoa mpaka Monopoly ya Wakanda Forever. Sitakaa sana juu ya rangi zake. Nataka tu tukumbuke Monopoly ilitoka wapi. Mwaka 1904 mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie, alipata hati ya ubunifu kwa mchezo alioutaja kuwa mchezo wa mwenye ardhi. Alikuwa anataka kuonyesha namna wamiliki wa ardhi wanavyotajirika kwa kodi na kuwafanya wengine maskini. Aliandika hata sheria za aina mbili: moja ambapo mmoja anawameza wengine, na nyingine ambapo faida inawafikia wote. Na kwenye kona ya ubao wake, pale mchezaji anapopokea mshahara kila akizunguka, aliandika maneno ya kusema kwamba kazi ya mikono juu ya ardhi njo inayozaa mshahara. Baadaye, mwaka 1935, kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki zake kwa dola 500. Monopoly tuliyoijua ilibaki na sheria ya kumezana. Kwenye kona ile kukabaki mshale, na dola 200 ambazo hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Angalieni basi: mchezo ulioanza kwa kutaja kazi ya mikono, ulifutiwa kazi ya mikono, halafu miaka mingi baadaye ukavalishwa nguo za nchi ya Kiafrika ya madini. Siyo njama ya mtu. Ni mazoea. Na mazoea njo hatari zaidi, juu mazoea hayana wa kumshitaki.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Tangu 2018 nasikia kati yetu, kwenye auditoire, kwenye mikutano ya vijana, hata kwenye mémoire za watu: Congo njo Wakanda ya kweli. Tuna madini, tuna koltani, tuna kobalti. Tunakosa tu mfalme mwenye akili wa kufunga milango na kulinda mali. Naelewa uchungu ulio ndani ya maneno hayo. Lakini tuchunguze Wakanda inatuambia nini kweli: mlima wote uko chini ya ukoo mmoja, siri zote ziko ikulu, na raia wanapata mema juu mfalme ni mwema. Akija mfalme mbaya, kama Killmonger, siku moja inatosha kugeuza nchi yote. Filamu yenyewe inaonyesha hivyo.

Bandugu, hiyo siyo ndoto yetu. Hiyo ni historia yetu. Kutoka 1885 mpaka 1908 nchi hii yote ilikuwa mali ya mfalme mmoja, Léopold II, na mikono ya watu wetu ililipa mpira wake. Uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, iliingia katika mabomu ya kwanza ya atomiki ya Marekani. Ukitaka vibranium ya kweli, chuma kutoka Afrika kilichobadilisha vita vya dunia, ni hiyo, na watoto wetu wengi wanamaliza shule bila kulijua jina hilo. Na mwaka ule ule wa 1966, Lee na Kirby wakichora Wakanda, Mobutu alikuwa Kinshasa akigombana na Union Minière. Mwishoni mwa mwaka serikali yake iliichukua kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa Gécamines. Kiongozi mweusi, madini mikononi mwa nchi, wageni wamefukuzwa: karata zote za Wakanda zilikuwa mezani. Tunajua ilivyoisha. Kilichokosekana hakikuwa shujaa. Kilichokosekana ni sheria ya kumwuliza shujaa maswali.

Kwa hiyo nikisema mchimbaji hayuko kwenye karata, siombi huruma kwa maskini. Nasema mchezo unafuta mtu yule yule ambaye angeweza kumwuliza mfalme swali. Ukimwondoa, inabaki hadithi ya wenye nguvu wawili, mwema na mbaya, na kilichobaki ni kuomba mwema ashinde. Wengi wetu tutakuwa wanasheria, wanajeolojia, wahasibu, watu wa duane. Tutakaa mahali fulani kwenye njia ya mfuko ule. Kama tumezoea kuona madini kama karata inayojirudisha yenyewe mkononi, tutasaini karatasi bila kuuliza ni nani aliyeingia shimoni.

Je, mchezo wa mezani unaweza kufikiri tofauti juu ya utajiri? Unaweza, na ushahidi uko karibu. Katika vijiji vya Masisi na Rutshuru, kama Rwanda, wazee wanacheza igisoro, wengine wanaita kisoro: mashimo 32, kete 64, kila mtu na safu zake mbili. Ukimla mwenzako, kete zake hautupi nje na hauzitii mfukoni. Unazipanda upya kwenye mashimo yako, zinaendelea kuzunguka, na kesho anaweza kuzirudisha kwake. Mchezo unaanza na kete 64, unaisha na kete 64. Anayeshindwa ni yule asiyeweza tena kusogeza kitu. Kuna ushindani mkali, kuna kunyang'anyana, lakini hakuna kinachotoka nje ya ubao. Linganisha na Rubaya, ambapo karibu kila kitu kinatoka nje ya ubao, na unaelewa kwamba mchezo wa kale wa mbegu una mawazo ya uchumi kuliko boksi lililouzwa karibu dola 60 lilipotoka.

Siombi mchezo wa kulia. Watu wanacheza ili wapumzike, na Goma ina haki ya kupumzika kuliko miji mingi. BD imeshajaribu kusimulia habari yetu kwa uwazi: mwaka ule ule wa 2018, Jean Van Hamme na Christophe Simon walitoa kitabu kinachoitwa Kivu, na ndani yake kuna koltani na kuna Daktari Mukwege. Ni kitabu cha nia njema. Lakini mtu wa katikati ni injinia kijana Mbelgiji, na wa kwetu ni wa kuokolewa. Sitaki tutoke kwenye mfalme asiye na wachimbaji tuingie kwenye wachimbaji wasio na akili.

Ninachotaka ni sheria. Mwezi wa 9 mwaka 2010, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Hebu uandike hiyo kama karata. Mchezaji wa comptoir anashusha mabega: hana cha kununua. Mchimbaji anachagua: kurudi shambani, ao kuchimba usiku kwa bei ya chini. Mwenye kizuizi anafurahi, juu cha usiku kinapita kwake. Mnunuzi wa mbali anageukia nchi nyingine. Karata moja, watu wanne, maumivu manne tofauti, na kila mmoja ana akili yake na sababu zake. Huo ni mchezo mzuri wa kuchezwa, tena wa kuchekesha saa zingine, juu sisi watu wa hapa tunajua kucheka na kupanga bei hata katikati ya taabu. Na hauhitaji ruhusa ya kampuni ya Marekani: katoni, kalamu, vifuniko vya chupa, na watu wanne wanaojua njia ya Sake.

Hukumu yangu basi ni hii. Marvel Champions ni mchezo mzuri, chezeni mkiupata, na mkimchukua Black Panther mtafurahi namna anavyojipanga. Monopoly ya Wakanda sitamshauri mtu atoe franga zake. Lakini mkishika ile karata ya vibranium, kabla ya kuitupa kulipa vazi la mfalme, muulizane mezani: hii imechimbwa na nani, na alilipwa ngapi? Karata haitajibu. Wale wanne waliokaa mezani watakuwa na mambo ya kusema.